Kwa mliomwomba Mungu njia moja mkajikuta kwenye nyingine: yangu ilipita Kongowea na Rabai (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, na asalaam alaykum kwa ndugu zangu Waislamu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kigoda.

Nilimaliza chuo 2016. Shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Mliomaliza kipindi kile hamhitaji kuelezwa. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa vituo. Sisi tukaambiwa tusubiri uhakiki wa vyeti uishe. Uhakiki ukaisha, wakaitwa wa sayansi, sisi wa masomo ya sanaa tukaambiwa tumejaa. Mama alikuwa ameshawatangazia wanajumuiya kwamba mwaka ujao kijana anaanza kazi. Kila Jumamosi walipokuja kusali nyumbani kwetu nilikuwa natafuta sababu ya kwenda dukani.

Niliomba, wakuu. Nilifunga, nilikesha, nilikuwa na daftari la kuandika maombi na tarehe. Kuna mtu aliyejiita nabii akanitamkia kwamba barua yangu ya ajira inatoka mwezi wa tisa, ila kuna sadaka ya kufungulia njia. Mama akatoa 80,000 ya mtaji wake wa vitumbua. Mwezi wa tisa ukaja ukaondoka. Wa kumi nao hivyohivyo. Sikumdai yule bwana kitu, lakini tangu hapo kila nilipopiga magoti nilikuwa naona zile noti mkononi mwa mama.

Mchumba wangu alivumilia miaka miwili. Wazazi wake waliponiuliza kwa mara ya tatu ninafanya kazi gani, nikajua imeisha. Siwalaumu. Ningekuwa na binti na mimi ningeuliza.

2018 mjomba akaniita Muheza kwenye machungwa. Wenyeji wa Tanga mnaijua kazi hii: tunanunua shambani, tunapakia fuso, tunapita Horohoro na Lunga Lunga, tunavuka feri ya Likoni, tunaingia kisiwani, tunatoka kwa daraja la Nyali mpaka soko la Kongowea. Mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu na kuandika. Shahada yangu ilikuwa kwenye begi la nguo, nimeifunga kwa nailoni isilowe. Nakumbuka usiku wa kwanza Kongowea, nimekaa juu ya mzigo, mvua inanyesha, namwambia Mungu, "Hiki ndicho ulichonisomeshea?" Sikuwa nauliza ili nijibiwe.

Safari moja mnunuzi akachelewesha hela siku tatu. Mjomba akaniambia kwa simu nisiondoke bila malipo. Mzee mmoja muuza nazi pale sokoni, alipojua nilisomea historia, akanishangaa: "Wewe mwalimu wa historia, uko Mombasa, na Rabai hujafika?" Akanielekeza. Nikapanda matatu hadi Mazeras, kutoka hapo bodaboda.

Hapo Rabai kuna kanisa la zamani na makumbusho ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa nimemwandika huyo mtu ubaoni kwa mstari mmoja: Krapf alifika 1844, mmisionari mwenzake Rebmann 1846. Wanafunzi wakanakili, nikafuta ubao. Siku hiyo Rabai nilisoma maelezo yote ukutani, nikarudi nikayasoma tena.

Jamani, Krapf hakutaka kuja kwetu. Sikuwa najua. Alitumwa Ethiopia 1837. Akafukuzwa kaskazini, akaenda ufalme wa Shoa, hukohuko Ethiopia, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa miaka mitatu, na huko moyo wake ukashikwa na watu wa Oromo. Akawa na hakika kwamba hao ndio kazi ya maisha yake. 1842 akatoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine, njiani akaporwa kila kitu, na alipotaka kurudi na mke akakuta njia ya Shoa imefungwa. Ndipo akatazama ramani na kusema: kama kaskazini hakupitiki, nitawafikia Oromo kwa kuzunguka kusini. Mombasa ilikuwa njia ya mchepuko tu. Alipita Zanzibar Januari 1844, Sayyid Said, sultani wa huko, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani, akaja Mombasa.

Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua binti, akafa kwa homa, na kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyohiyo. Mke aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi. Kaburi liko upande wa Nyali. Kwa miaka ile yote nilikuwa napita na machungwa jirani nalo bila kujua.

Na Oromo? Hakuwafikia kamwe kwa namna aliyoiomba. Kule Rabai yeye na Rebmann walikaa miaka bila kuona kanisa likijaa. Mtu wa kwanza kubatizwa, 1851, alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa anakaribia kufa. Ukipima kwa ombi lake la kwanza, Krapf alishindwa.

Lakini mwezi mmoja kabla Rosine hajafa, Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwaka 1850 akatoa sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ikachapwa 1882, yeye akiwa amekufa Novemba 1881 kwao Ujerumani. Mimi nilipewa shahada kwa kusoma lugha ambayo mtu huyu aliifanyia kazi kwa sababu njia yake nyingine ilikuwa imefungwa. Nilisimama pale makumbusho nikalia, na mlinzi akaenda kusimama nje kunipa nafasi.

Sijaleta uzi huu kuwaambia kwamba mlango ukifungwa Mungu anafungua mwingine mzuri zaidi. Krapf hakufunguliwa mlango mzuri zaidi, alifunguliwa kaburi. Ninachosema ni kwamba yawezekana Mungu anakuongoza na wewe huoni chochote zaidi ya kazi iliyo mbele yako leo, na lile uliloomba usipewe kabisa. Sasa naamini hivyo. Niambieni kama nimekosea.

#2 Mchangiaji wa Songea

Mkuu pole, lakini tusimsingizie Mungu. Hukukosa kazi kwa mpango wa mbinguni, ulikosa kwa sababu watu hawakupanga. Wanasomesha walimu wasiojua watawaweka wapi, shule zina watoto mia darasani, halafu mnaambiwa mmejaa. Tukishaita hiyo "njia ya Mungu" wahusika wanalala usingizi mzuri. Pili, hao kina Krapf si ndio tulifundishwa kuwa mawakala wa ukoloni?

#3 Mleta uzi

Mkuu, umenigusa panapouma na nakushukuru.

Kosa la binadamu libaki kosa la binadamu. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Miaka 13. Miwili ya mwisho alikaa gerezani kwa sababu mnyweshaji aliyemwomba amkumbuke alimsahau. Na mwishoni, alipowasamehe, hakuwaambia "hamkufanya ubaya". Aliwaambia walikusudia mabaya. Kisha ndipo akasema Mungu alikusudia mema. Yote mawili aliyataja, na la ubaya alilitaja kwanza. Kwa hiyo mimi naendelea kudai ajira kwa sauti, na naendelea kuomba. Sioni vikigombana.

Kuhusu mawakala, ndiyo, nimelifundisha hilo na sitalifuta. Taarifa zao zilisomwa Ulaya na watu wenye nia nyingine. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro 1848, kule kwao wasomi walimbishia, lakini baadaye waliokuja na bendera walipita njia zilizoandikwa na watu kama yeye. Mtu anaweza kuongozwa na Mungu na kazi yake ikatumiwa vibaya. Hilo linanifanya niogope kusema upesi, "Mungu alikusudia hivi na vile." Najua kipande kidogo tu.

#4 Mkazi wa Kisauni

Mwalimu, shukran kwa uzi. Mimi Muislamu, mzaliwa wa huku huku, na kaburi hilo tumelipita tangu utotoni tukienda pwani kuogelea. Hiyo ya kadhi imenifurahisha. Wazee wetu walikuwa watu wa elimu, akija mgeni anataka lugha, wanampa lugha, dini kila mmoja na yake.

Nataka kuongeza jambo. Sisi tuna istikhara. Ukiwa na jambo unataka kuliamua, unaswali rakaa mbili, kisha unaomba dua. Sasa sikiliza maneno ya ile dua, maana wengi twaisoma mbio. Unamwambia Mola: kama jambo hili lina kheri nami katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu, nijaalie na unirahisishie. Na kama lina shari, liepushe nami, na mimi uniepushe nalo. Kisha unamaliza: nijaalie kheri popote ilipo, halafu uniridhishe nayo.

Watu hudhani ukishaswali lazima uote ndoto. Dua yenyewe haitaji ndoto. Waomba, kisha washika njia yako na kufanya jambo, likifunguka limefunguka, likizuilika limezuilika. Na lile la mwisho, "uniridhishe nayo", mimi nimelielewa juzi juzi tu, umri wangu 52. Kupewa ni kitu kimoja na kuridhishwa ni kitu kingine. Mimi nilipewa nilichopewa mwaka 1999, kuridhishwa kulichukua miaka kumi na mitano. Sitaeleza zaidi, wahusika bado wako hai.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Nimeinakili hiyo "uniridhishe nayo" kwenye lile daftari langu la maombi. Sina cha kuongeza.

#6 Mama wa Iringa

Mwanangu, mimi nilifiwa na mume 2021. Msibani walinijia kwa zamu kuniambia ni mpango wa Mungu. Mchungaji, shemeji, hata majirani. Sikuacha kusali ila nilikasirika na bado kuna siku nakasirika. Nimefika kwa huyo Rosine nikasimama. Je, utaniambia Mungu alimchukua mke wa watu na kichanga ili kamusi iandikwe?

#7 Mleta uzi

Mama, hapana. Hilo sisemi na sitalisema.

Nimelifikiria hili tangu jana ulipoandika, ndiyo maana nimechelewa. Kile kitabu cha Mwanzo Krapf alishaanza kukitafsiri kabla ya msiba. Kazi haikuhitaji kifo cha mtu. Rosine alikufa kwa homa, kama walivyokufa wengi pwani miaka ile, na mumewe alimlilia. Hakuna aliyenipa mamlaka ya kugeuza kifo chake kiwe bei ya kitu fulani. Kwenye Yohana 11 Yesu alijua kabisa anachokwenda kufanya kaburini kwa Lazaro, na bado alisimama na dada zake akalia kwanza. Waliokuja kwako msibani waliruka hapo.

Ninachokiona kwa Krapf ni kidogo kuliko mpango. Ni kwamba hakuachwa. Alibaki na kitu cha kufanya kesho yake, na watu wa kufanya naye. Mimi pia, kwa msiba wangu mdogo usiolingana na wako, sikuona ramani. Niliona mjomba, fuso, na mzee muuza nazi.

Hasira yako ipeleke kwake yeye mwenyewe, Mama. Zaburi zimejaa hasira na hazikutolewa kwenye Biblia.

#8 Mchangiaji wa Dodoma

Swali dogo. Unajuaje kama kitu kimezuiwa na Mungu au wewe ndiye umekata tamaa mapema? Mimi nimeomba chuo mara mbili nimekosa. Niache au nirudie?

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu, swali lako si dogo hata kidogo.

Kasome Matendo 16, kuanzia aya ya 6, polepole. Paulo anataka kuhubiri Asia, yaani lile jimbo la Kirumi lenye Efeso ndani yake. Roho anakataza. Anageukia Bithinia, anakatazwa tena. Anateremka mpaka Troa, baharini, hana pa kwenda. Mtume mzima kakataliwa mara mbili na hakuna palipoandikwa alielezwa sababu. Wala hatuambiwi alikatazwaje. Kwa ndoto? Kwa ugonjwa? Kwa barabara kuharibika? Luka kaacha kimya, nami nimejifunza kuheshimu kimya hicho.

Kuna mambo matatu hapo yamenisaidia sana.

Paulo hakukaa kituoni kusubiri sauti. Alikuwa anatembea, anajaribu, anazuiwa, anajaribu kwingine. Kuzuiwa kulimkuta njiani.

Halafu maono ya yule mtu wa Makedonia aliyaona peke yake usiku, lakini walioamua kwamba ni wito wa Mungu walikuwa wengi. Aya ya 10 inasema "sisi". Na hapo ndipo msimulizi anaanza kusema "sisi" kwa mara ya kwanza, kana kwamba alijiunga nao palepale Troa. Aliyenilia ile 80,000 alinitaka nisimwambie mtu mpaka unabii utimie. Siku hizi nikisikia sharti la siri naondoka.

Na hili la tatu lilinipa furaha ya ajabu nilipolikuta. Wanavuka bahari, wanafika Filipi, na wa kwanza kutajwa kuwa moyo wake ulifunguliwa ni mwanamke anayeitwa Lidia, muuza zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Thiatira iko wapi? Asia! Kulekule Paulo alikokatazwa kwenda. Baadaye, sura ya 19, anafika Efeso na kufundisha miaka miwili. Asia haikufutwa. Ilikuwa tu bado. Bithinia, kwa upande mwingine, hatusomi kwamba alifika. Jibu la "bado" na jibu la "hapana" yalimjia safari moja, yakionekana sawasawa, na siku ile asingeweza kuyatofautisha.

Na baada ya maono yale mazuri waliishia kupigwa viboko na kutiwa gerezani Filipi. Kwa hiyo taabu pekee haithibitishi kwamba umepotea njia.

Mimi kwako ningesema rudia mara ya tatu, maana fomu ni karatasi tu, na huku unarudia, shika kazi iliyo karibu. Waambie watu wawili wanaokupenda na wasiokuogopa wakueleze wanaona nini kwako. Ukikosa tena, urudi hapa uniambie.

#10 Mchangiaji wa Songea

Mleta uzi, niliandika kwa ukali pale juu. Mimi ni wa 2015, Jiografia. Niko kwenye kuuza vifaa vya simu. Hiyo ya Yusufu kutaja ubaya kwanza nimeondoka nayo. Swali moja: ajira zikitangazwa utaomba tena? Na sasa hivi unafanya nini hasa, bado machungwa?

#11 Mleta uzi

Ndugu yangu, tuko wengi kuliko tunavyojua.

Nitaomba. Nimeomba kila zilipotangazwa, sijapata, na umri bado unaniruhusu. Nikipata nitakwenda hata kama ni kijiji cha mwisho. Sijaacha kuutaka ualimu na sitajifanya nimeacha ili uzi uishe vizuri.

Machungwa bado. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa sababu ya korona, mizigo tu ndiyo ikaruhusiwa na madereva wakawa wanapimwa, biashara yetu ikasinyaa. Nikawa na jioni nyingi tupu. Kipindi hicho mama mmoja anayechambua machungwa alinijia na karatasi aliyopewa na mnunuzi. Alikuwa ametia dole gumba kwenye hesabu pungufu kwa sababu hakuweza kuisoma. Nikamwambia njoo kesho jioni nyuma ya kanisa, kwenye mwembe, nikufundishe tarakimu. Akaja na wenzake watano.

Mpaka leo tuko pale, Jumanne na Ijumaa. Sasa ni 14, wanawake 11 na wanaume 3, na wanne kati yao ni Waislamu, hivyo Ijumaa tunaanza baada ya alasiri. Hakuna mshahara, wananiletea mihogo. Ubao ni kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi. Wakishika irabu tunakwenda kwenye majina yao, na wakishika majina tunakwenda kwenye daftari la mzigo, kwa sababu ndilo walilolijia.

Yule mama wa kwanza ndiye sasa anasimama nami fuso likipakiwa. Wiki iliyopita niliandika 1,350, yeye kwenye daftari lake akawa na 1,380. Dereva alikuwa na haraka. Tukashusha lile fungu na kuhesabu upya, na ilikuwa 1,380.